Maongezi ya historia ya mtaa ni bure, ila hatugawi viwanja wala hatuna ramani ya rupia

Tangu tuanze kuwaita watu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala waje kusikiliza na kusimulia historia za mitaa na familia zao, simu hazikauki, na nusu ya wanaopiga wanaulizia vitu ambavyo havipo kabisa, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena nitume link tu. Ratiba imeshabandikwa ofisi za serikali za mitaa, sitairudia.

Bure maana yake hulipi kiingilio. Haimaanishi unalipwa. Hakuna posho ya kikao, hakuna nauli, chai ipo na andazi ni moja moja, na ile karatasi ya mahudhurio ni ya kutusaidia kuhesabu viti, sio ya malipo (kuna baba mmoja kaisaini mara tatu).

Halafu kuna ishu ya nyumba. Huku kwetu historia ya familia na mirathi ni mtu na mdogo wake, naelewa, ila unapokuja na faili, na shahidi, na shemeji mwanasheria, unatuharibia siku. Wengine wanakuja na kesi ya 1971, mwaka ambao serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, wanadhani tukiiandika hiyo stori basi nyumba inarudi. Hairudi. Mirathi inafunguliwa mahakamani, anateuliwa msimamizi, umiliki unaangaliwa kwa msajili wa hati, na tunachorekodi sisi ukumbini hakina mhuri na wala hakimu hatakisoma.

Na rupia, zile sarafu za enzi za Mjerumani ambazo watu wanaamini zimefukiwa kwenye masanduku. Jamani rupia! Nyaraka za Mjerumani zipo Nyaraka za Taifa pale Upanga, ziko hata kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia tangu 1997, lakini ni barua za maofisa, mashamba, kodi, kesi, kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo anakuna kichwa. Hamna ramani ya sanduku. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo kabla hujamuuzia dalali mlango wa nyumba ya babu uliza kwanza, na kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa.

Sasa tunachokitaka. Kwamba Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza aliyeingia mjini Septemba 1916, hiyo kila mtu anaijua, tusipotezeane muda. Tunataka kujua nani alikuwa anakaa ile nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Kongo, chumba cha uani kilipangwa na nani, alitokea wapi, alikuwa anafanya kazi gani bandarini. Tunataka kipande cha babu, yaani ile kadi ya kibarua inayoonyesha siku alizofanya kazi mkonge, risiti ya kodi ya kichwa, kadi ya TANU, picha ya timu ya mtaa ambayo nyuma kuna majina kwa penseli. Risiti moja ya kodi inakupa jina, mwaka na sehemu alikolipia, yaani vitu vitatu ambavyo ukoo mzima mnabishania kila msibani.

Msije mkitegemea cheti cha kuzaliwa cha bibi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ipo tangu 1920 ila enzi za Mwingereza Mwafrika hakulazimishwa kusajili, kwa hiyo kukosa cheti hakumaanishi mtu fulani kakificha. Jaribuni kitabu cha ubatizo parokiani au cheti cha ndoa cha msikitini, na muulizeni shangazi alizaliwa kabla au baada ya vita, ndivyo tunavyofanya na sisi.

Utaratibu ni huu. Unakuja na karatasi yako halisi, unajaza fomu nakala mbili, moja yako moja yetu, tunaipa namba, tunaiskani mbele yako, unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Original haibaki kwetu, na mtu yeyote atakayekuomba uiache, hata kama kavaa kitambulisho, mkatalie. Usii-laminate. Narudia, usii-laminate, wala selotepu usiweke, gundi inakula wino na haitoki.

Kurekodi wazee kwa simu ruksa wakikubali, na kukubali ni kabla ya kubonyeza, sio baada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na kutoa taarifa za mtu kinyume na sheria hiyo adhabu yake kwa mtu binafsi ni faini kuanzia laki moja mpaka milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mzee akitaja mtoto wa nje wa jirani ambaye yuko hai, hiyo klipu usiirushe kwenye grupu la ukoo, na sisi tutaifungia.

Mkimleta mzee mleteni saa tatu asubuhi, ukumbi una feni moja na ikifika saa sita hata mimi nasahau jina la babu yangu.