Uani Kumegeuka Pori: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Uani kwa marehemu bibi yangu, Tanga, hapakuguswa kwa miaka minne. Nilipofungua mlango wa jikoni nilikutana na majani yaliyonipita kimo. Chini kulikuwa na ukoka na ndago, juu upupu uliokuwa umeupanda mpapai hadi ukauinamisha. Nilikuwa na panga, jembe, reki na likizo ya wiki tatu. Kila aliyepita uchochoroni aliniachia ushauri, na sehemu ya ushauri ule ningeufuata ningeiharibu ardhi ambayo bibi aliilisha maganda na majivu ya jikoni kwa umri wake wote.

"Choma tu, mwanangu"

Wa kwanza alikuwa mama wa nyumba ya pili. Nikamwamkia, shikamoo mama. "Marahaba. Mbona unajitesa? Fyeka, kusanya biwi, tia kiberiti."

Moto hula kinachoonekana. Udongo haupitishi joto kirahisi, kwa hiyo moto wa majani ukipita juu, mizizi ya ukoka na ndago iliyo chini hubaki hai, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua ikiwa imeondolewa washindani wake wote. Naitrojeni iliyokuwa kwenye majani huondoka na moshi. Majivu yanabaki na potasiamu, lakini upepo na mvua huyazoa upesi. Tena biwi la mjini halina majani matupu: ndani yake mna mifuko, chupa za plastiki na soli za viatu, na moshi wake ni sumu kwa watoto wa mtaa mzima.

Mimi niliyalundika majani kivulini, tabaka la mabichi na tabaka la makavu, nikawa nayamwagia maji na kuyageuza. Baada ya miezi mitatu hivi nilikuwa na mboji nyeusi. Yaliyokwisha kuzaa mbegu niliyatenga.

"Lima kwa kina, geuza udongo wote, ndago itakufa"

Hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo, na si kwa uvivu. Wanalima kwa bidii, na kadiri wanavyolima ndivyo ndago inavyozidi.

Chukua shina moja la ndago udongo ukiwa umelowa. Usilivute. Chimbua pembeni kwa ncha ya panga, kisha liinue taratibu. Utaona chini yake uzi mwembamba mweusi, mgumu kama waya, na mwisho wa uzi kuna punje ya kahawia ukubwa wa harage. Ipasue: ndani ni nyeupe, na ina harufu kali kama ya dawa. Punje hiyo ina uzi mwingine unaokwenda kwenye punje nyingine, na hiyo nayo hivyo hivyo. Zikiwa zimeungana, punje nyingi hulala. Jembe linapokata uzi, kila iliyoachwa peke yake huamka na kutoa shina lake. Ukilikatakata shamba la ndago kwa jembe umelizidisha kwa mikono yako mwenyewe.

Dawa za kuua magugu hazimalizi kazi kwa mpigo mmoja kwa sababu hiyo hiyo: dawa nyingi huingia kwa majani, na punje iliyolala haina jani. Nailoni ya kufunikia ardhi nayo nimeona ikitobolewa. Chipukizi la ndago lina ncha kali, hupenya kama sindano.

Kinachoishinda ndago ni vitu viwili: ukavu na kivuli. Punje nyingi zipo katika sentimita 15 za juu, kwa hiyo zinafikika. Niligawa ua vipande vya hatua mbili kwa mbili, nikawa nachimbua kipande kimoja kila asubuhi baada ya mvua, nikiuvunja udongo kwa vidole na kufuata nyuzi. Punje nilizianika juu ya bati. Baada ya wiki mbili za jua nilizichukua chache nikazizika kwenye kopo la udongo wenye unyevu, nione. Hazikuota. Kila kipande kilichomalizika nilikipanda marando ya viazi vitamu siku ile ile, maana majani yake hutambaa na kufunika ardhi, na ndago ikikosa jua hunyong'onyea. Zilizobaki huchungulia. Unazing'oa zikiwa na majani matatu au manne, kabla hazijatengeneza punje mpya. Kazi hii ni ya msimu mzima, na afadhali mtu aijue hivyo tangu mwanzo kuliko kuahidiwa wikiendi moja.

"Tia chumvi"

Usitie. Chumvi huua magugu kweli, na huua kila utakachopanda baada yake. Sodiamu huvunja muundo wa udongo, hasa wa mfinyanzi, ukashikana na kugoma kupitisha maji. Pwani tayari tuna visima vinavyoingiwa na maji ya chumvi. Hatuna haja ya kuongeza kwa ndoo.

"Majani marefu yanazaa mbu"

Mbu huzaliwa majini. Majani humpa mahali pa kujificha jua, basi. Ila ukweli huu una mkia wake: majani marefu huficha vyombo. Chini ya magugu yale nilitoa tairi mbili, vifuu vya nazi, makopo na sufuria iliyotoboka ubavuni lakini bado inashika maji. Humo ndimo anamotaga yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza dengi. Kwenye joto letu, yai huwa mbu kamili kwa takriban siku saba hadi kumi. Mlipuko wa dengi wa mwaka 2019 haukuishia Dar es Salaam. Tanga nasi tuliupata. Tena kumwaga maji hakutoshi, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukingo wa chombo na huvumilia ukavu kwa miezi. Sugua, au tupa.

"Mwaga vitunguu saumu, nyoka watahama"

Vitunguu saumu na mafuta ya taa havina ushahidi wa kumzuia nyoka. Yeye anafuata panya na vyura, na panya wanafuata makombo na marundo. Anza kufyeka mlangoni ukielekea nje, ili mnyama apate njia ya kutokea. Vaa buti. Bati au ubao uliolala usiuinue kwa mkono. Uvute kwa jembe ukiwa umesimama mbali.

Akikuuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usibandike jiwe jeusi, lile linalodaiwa kunyonya sumu. Kiungo kilichoumwa kitulie, na uende hospitali bila kukawia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na jiwe jeusi bado liko kwenye makabati yetu.

Kuhusu upupu neno moja: ukate kabla maganda hayajakauka, au asubuhi baada ya mvua, manyoya yakiwa yameloa hayaruki.

"Ua safi ni ua mtupu"

Hili nalisema kwa heshima, kwa sababu nimelelewa na ufagio wa chelewa. Kufagia mita mbili tatu kuzunguka nyumba kuna maana, unamwona nyoka na nge kabla hawajafika mlangoni. Lakini ua mzima ukiachwa uchi, matone ya masika huupiga udongo ukajifunga gamba juu, maji yakakosa kuingia, yakachukua rutuba hadi mtaroni. Na mbegu nyingi za magugu huhitaji mwanga ili ziote; ukiuanika udongo umeziita.

Basi nyuma ya karo la kufulia nimetandaza majani makavu, mbele yake kuna viazi, na kwenye kona kunde. Mpapai niliuegemeza kwa mti, umenyooka kidogo. Yule mama aliyeniambia nichome huja jioni kuchuma matembele. Akiona ndago imechungulia huweka kapu chini, hutafuta kijiti, huchimbua pembeni, na haondoki mpaka punje imo kiganjani mwake.