Otopeni: saini ya rais ambayo rais hakuitia

Otopeni ni mashine inayoshika kalamu ya kawaida, yenye wino wa kawaida, na kuandika saini ya mtu ambaye hayupo mezani. Karatasi ikitoka humo, wino umezama kwenye nyuzi zake, mbonyeo wa kalamu unaonekana, na jina ni la John F. Kennedy au Ronald Reagan, herufi kwa herufi. Wakusanyaji wengi wa saini za viongozi wa Marekani huteleza hapo. Hujiuliza kama saini imechapwa au imeandikwa kwa kalamu. Wakiona ni kalamu, wanalipa. Lakini thamani yote ya saini inatokana na mkono wa mhusika, na kalamu inaweza kushikwa na chuma.

Kazi huanza na kiongozi mwenyewe. Hutia saini mara kadhaa kwenye karatasi nyeupe, moja huchaguliwa, na mtengenezaji huichonga kuwa kigezo, yaani kipande bapa ambacho ukingo wake unafuata mwendo wa saini ile. Kigezo hupachikwa kwenye mashine, mkono wa chuma huufuata ukingo huo, na kwenye ncha ya mkono kuna kibanio cha kalamu. Karani huweka barua mahali pake, hukanyaga pedali, na baada ya sekunde chache saini iko chini ya barua. Kibanio hushika kalamu ya aina yoyote, kwa hiyo aina ya wino peke yake haithibitishi kitu. Mashine za siku hizi huhifadhi saini kwa njia ya kompyuta, lakini kalamu bado ni kalamu.

Robert De Shazo alianza kuziuza mashine hizi Marekani katika miaka ya 1940. Kennedy alizitumia sana, tangu alipokuwa seneta, na alikuwa na vigezo kadhaa vyenye maumbo tofauti. Lyndon Johnson aliruhusu mashine yake ipigwe picha. Baada ya hapo karibu kila rais amekuwa nayo, na maseneta na mawaziri vilevile. Wauzaji wengine huichanganya na poligrafu aliyoitumia Thomas Jefferson kuanzia 1804. Ile ilikuwa na kalamu mbili zilizounganishwa: Jefferson alipoandika kwa moja, ya pili iliandika nakala papo hapo. Maneno yote yalitoka kwenye mwendo wa mkono wake, hivyo poligrafu si otopeni.

Utaijuaje saini ya otopeni? Chukua lenzi ya kukuza mara kumi na uangalie kwanza mahali saini inapoanzia na inapoishia. Mtu anapotia saini, mkono huwa tayari unatembea kabla kalamu haijagusa karatasi, na mwishoni kalamu huinuka ikiwa bado inakimbia, hivyo mkia wa saini hufifia. Mashine hushusha kalamu kwanza, kisha ndiyo inaanza kwenda. Mwishoni husimama kwanza, kisha huinua. Wino hupata nafasi ya kutuama, na kwenye ncha zote mbili hubaki nukta nzito. Halafu tazama unene wa mstari. Mkono wa binadamu hukandamiza unaposhuka na kulegea unapopanda, lakini mashine hukandamiza kwa uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwisho kagua mapindo. Kigezo kilichochakaa au viungo vilivyolegea hufanya kalamu itetemeke, na pindo ambalo lingekuwa laini huonekana lina vijimeno. Mtetemo huo usiuchanganye na wa uzee: mkono wa mzee hutetemeka kila mahali, na hutofautiana kila anapoandika.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni kulaza saini juu ya saini. Hakuna mtu anayetia saini mbili zinazolingana kila sehemu, hata akizitia zikifuatana. Tafuta mifano ya otopeni ya kiongozi yuleyule, iwe katika vipimo vyake halisi, kwa sababu kigezo hakikui wala hakipungui: saini ya kwenye kadi ndogo na ya kwenye picha kubwa hutoka zikiwa na ukubwa uleule. Ichapishe moja kwenye karatasi angavu, yaani inayoonyesha kilicho chini yake, ilaze juu ya nyingine, kisha ziinue kwenye mwanga wa dirisha. Zikifunikana kabisa, ni mashine. Wakati mwingine nusu ya kwanza hufunikana na nusu ya pili hutofautiana kidogo, au herufi moja imevutwa kuwa ndefu. Maana yake karatasi iliteleza wakati mashine inaandika, na hukumu inabaki ileile.

Tahadhari hapa inahitajika zaidi kuliko popote pengine. Saini isipolingana na mfano wowote ulio nao, hujathibitisha kwamba ni ya mkono wa rais. Pengine imetoka kwenye kigezo ambacho mfano wake hujauona, na pengine imeandikwa na katibu muhtasi. Evelyn Lincoln, katibu wa Kennedy, alitia saini ya bosi wake kwenye vitu vingi mno. Nelle Reagan, mama yake Ronald Reagan, aliwajibu mashabiki wa mwanawe enzi za uigizaji na kuwatilia saini kwa jina la Ronald. Saini hizi zina uhai wote wa mkono wa binadamu, ila mkono ni wa mtu mwingine. Dawa yake ni kulinganisha tabia ya mwandiko: mwinamo, nafasi kati ya herufi, mahali mwandishi alipozoea kuinua kalamu.

Muhuri wa saini nao una historia ndefu kuliko mashine. Andrew Johnson alivunjika mkono wa kulia katika ajali ya treni mwaka 1857, kuandika kukamtesa, na alipokuwa rais hati nyingi za vyeo vya kijeshi zilipigwa muhuri wenye saini yake. Muhuri hujulikana mahali mistari miwili inapokatana. Kwa kalamu, sehemu ile hupata wino mara mbili na kuwa nyeusi zaidi. Kwa muhuri rangi ni moja tu, na mara nyingi wino umesukumwa pembeni, kati pakabaki pepesi.

Kwa hati za ardhi za karne ya 19 lenzi haihitajiki, inatosha tarehe. Hadi mwaka 1833 rais wa Marekani alitia saini mwenyewe kwenye hati miliki za ardhi ya serikali. Mzigo ulipozidi, sheria ya Machi mwaka huo ilimruhusu aweke katibu wa kufanya kazi hiyo. Hati ya baadaye yenye jina la Martin Van Buren, John Tyler au Abraham Lincoln hutaja jina la rais, na chini yake jina la katibu aliyeandika yote mawili. Ni karatasi nzuri ya historia, lakini watu bado wanaiuza kama saini ya Lincoln.

Tarehe hufichua mengi hata kwenye kalamu. Kalamu za bolpeni zilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945, na Franklin Roosevelt alifariki Aprili ya mwaka huo. Kalamu ya Sharpie ilitoka 1964. Kennedy aliuawa Novemba 1963. Karatasi inayong'aa buluu-nyeupe chini ya taa ya urujuanimno ina kemikali ya kung'arisha, ambayo haikuwa kwenye karatasi za zamani za Roosevelt, seuze za Lincoln.

Kisheria mambo ni tofauti. Mwaka 2005 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani walitoa maoni kwamba rais anaweza kumwagiza msaidizi aweke saini yake kwenye muswada, hata kwa otopeni. Mei 2011 Barack Obama, akiwa Ufaransa, aliagiza otopeni itumike Washington kwenye muswada wa kurefusha vifungu vya Patriot Act, sheria ya kupambana na ugaidi, vilivyokuwa vinakwisha usiku huo. Mwaka 2025 mabishano yaliibuka upya, Donald Trump alipodai kuwa misamaha iliyotiwa otopeni enzi za Joe Biden ni batili. Mkusanyaji asiyachanganye haya mawili: hati inaweza kuwa na nguvu kamili ya sheria na bado isiwe na saini ya rais kwa maana tunayoitafuta sisi.

Kwa kadirio la haraka kabla ya kununua, jiulize barua ilikuwa ya nini. Shukrani kwa mpiga kura, salamu za siku ya kuzaliwa, picha iliyotumwa kwa aliyeiomba kwa posta: kwa marais wa kuanzia Kennedy, dhania kwanza ni mashine au katibu mpaka uthibitishe vinginevyo. Barua kwa rafiki au mwanasiasa mwenzake, hasa yenye mstari wa nyongeza ulioandikwa kwa mkono chini ya maneno ya taipu, ina matumaini makubwa zaidi. Mstari huo pia ulinganishe na saini yenyewe, kwa kuwa ofisi zilijua kwamba nyongeza hupendeza.

Ukigundua uliyonayo ni otopeni, usiitupe wala usiiuze kwa jina lisilo lake. Iweke kwenye jalada la poliyesta, kamwe si plastiki ya PVC, pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ndio unaothibitisha tarehe. Kwenye kifuko cha nje, si kwenye barua, andika kwa penseli: otopeni, jina la kiongozi, mwaka. Baada ya miaka michache mfano huo ndio utakaoulaza juu ya saini nyingine unayotaka kuinunua.