Umezima programu zote, na kiduara bado kinazunguka

Mwezi huu ni mara ya nne. Mteja ameingia na laptopu kwapani, hasira zimemjaa. "Fundi, nimezima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Zote! Na bado nakaa dakika mbili natazama kiduara kinazunguka." Nikamuuliza: kinazunguka kabla hujaandika nenosiri, au ukishaandika? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

Basi naandika hapa, ili wa tano nimtumie kiungo tu.

Zile programu unazoziona kwenye Task Manager, dirisha la Windows la kusimamia programu, katika ukurasa wa Startup, huanza ukishaingia kwenye akaunti yako. Ukishaingia! Kabla ya hapo BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, inakagua vifaa na kutafuta diski ya kuanzia, halafu Windows inapakia kiini chake, draiva (programu zinazoendesha vifaa) na huduma zake (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia). Muda wote huo hiyo programu yako ya kupiga soga bado imelala kwenye diski, haina habari kama kompyuta imewashwa. Ukiizima, utapata nafuu upande wa pili wa nenosiri. Upande wa kwanza hauguswi kabisa.

Wala huhitaji kubahatisha. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Startup, tazama juu kulia: pameandikwa "Last BIOS time" na idadi ya sekunde. Huo ndio muda ambao BIOS ilitumia kabla ya kuikabidhi Windows usukani. Laptopu ya huyu bwana ilionyesha sekunde 71. Sabini na moja, Windows haijagusa kitu! Nitamrudia.

Kama kero yako iko baada ya nenosiri, yaani eneo-kazi limeshatokea lakini kila unachobofya kinakaa kama kimegoma, hapo sawa, tuzungumze kuhusu programu za mwanzo. Tazama safu ya "Startup impact". Wengi wanadhani ni maoni ya Microsoft kuhusu ubaya wa programu. Hapana, ni kipimo. Programu iliyokula zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au iliyosoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuanza, inaandikwa "High". Chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300 ni "Low". Katikati ni "Medium". Sasa fikiria mwenyewe: MB 3 kwa diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, ni kitu gani? Kwenye diski ya zamani inayozunguka, programu kumi zikigombania kichwa kimoja cha kusomea, mashine inasota kweli. Kwenye SSD yenye RAM ya kutosha nimewahi kuzima programu nane, nikawasha upya, na mwenye mashine hakuona tofauti. Mimi pia sikuiona, ila nilikaa kimya.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha zaidi: watu wanaofuta.

Kuna ushauri unazunguka mtandaoni kwamba kuzima kwa Task Manager ni "kuzima kwa juujuu", na kwamba mwanamume kamili anaingia kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, anatafuta ufunguo wa Run, penye maagizo ya kuanzisha programu, na kufuta jina la programu. Eti hapo ndipo umeing'oa na mizizi. Ni kinyume chake, na sababu yake ni rahisi. Ukibofya Disable, Windows haiondoi lile agizo la kuanzisha programu. Inaliacha palepale, halafu inaandika mahali pengine, kwenye ufunguo uitwao StartupApproved, kwamba programu yenye jina hili imekataliwa. Ni kama jina kubaki kwenye orodha ya mlinzi wa geti likiwa na alama ya msalaba. Siku programu ikijisasisha na kuandika tena agizo lake kwa jina lilelile, inakuta msalaba unaisubiri.

Wewe uliyefuta, umeondoa jina tu. Hakuna msalaba. Programu ikifunguliwa, inaangalia: agizo langu liko wapi? Halipo. Inaliandika upya, na kesho asubuhi iko kwenye skrini inakusalimia. Halafu unakuja kwangu na maneno ya virusi. Si virusi, ndugu yangu, ni wewe uliyefuta ukumbusho wa kukataa. Nakiri zipo programu kaidi zinazobadilisha jina kila toleo jipya, na hizo hupita msalaba bila shida. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe na kuondoa tiki ya kujianzisha. Anzia huko kila mara inapowezekana. Task Manager ije baadaye.

Na kufunga dirisha la programu kwa alama ya X si kuizima. Hili sitalieleza zaidi.

Kuna njia za pembeni ambazo ukurasa wa Startup haukuonyeshi: huduma, na kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler. Programu nyingi za kutafuta masasisho hujificha huko. Ukitaka kuona kila kitu, pakua Autoruns, iko kwenye kurasa za Sysinternals za Microsoft, ni bure. Kabla ya kugusa chochote, ficha maingizo ya Microsoft yenyewe, la sivyo utakutana na mamia ya mistari na mkono utakuwasha. Huko nako ondoa tiki, usifute.

Mwingine ataniambia: fundi, nimezima vizuri kama ulivyosema, lakini kivinjari kinajifungua chenyewe. Nenda Settings, Accounts, Sign-in options. Kuna swichi inayoiruhusu Windows kukumbuka programu ulizoacha wazi na kuzifungua tena ukirudi. Hiyo haina uhusiano na orodha ya Startup. Nimepoteza saa nzima siku moja nikiwinda kwenye rejista kitu kilichokuwa swichi ya kawaida kabisa.

Na usijaribu matokeo kwa kuzima mashine na kuiwasha. Tangu Windows 8, kwenye kompyuta nyingi "Shut down" haizimi kila kitu: akaunti yako inafungwa, lakini kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho kirudishwe kilivyokuwa. Inaitwa Fast Startup. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba huzima laptopu kila usiku, nami nikifungua Performance kwenye Task Manager, upande wa CPU, naona "Up time", yaani muda tangu Windows ianze upya, siku 19. Chagua Restart. Hiyo huanza upya kweli.

Nini kiachwe? Hapa vitabu vina orodha safi kuliko mimi. Alama ya Windows Security ukiizima, ulinzi unaendelea, umepoteza alama tu karibu na saa. Programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ukiizima, mafaili yako yanabaki kwenye diski yako peke yake mpaka uifungue mwenyewe, na watu hugundua hilo siku mashine inapokufa. Programu za sauti na za padi ya kugusa ni bahati nasibu: kwenye mashine moja hakuna kilichobadilika, kwenye nyingine ya kampuni ileile vipokea sauti viliacha kutambuliwa vikichomekwa. Kwa hiyo nazima moja, nawasha upya, naitumia siku mbili, kisha inayofuata. Si sayansi. Na ukiona ingizo linaloitwa "Program" tu, bila mtengenezaji, mara nyingi ni mabaki ya kitu ulichokwisha kukiondoa. Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, washa "Command line", utaona lilikuwa linaelekea wapi.

Tumrudie bwana wa sekunde 71. Pembeni ya laptopu kulikuwa na diski ya nje, ya kizamani, imechomekwa tangu lini hakumbuki. BIOS ilipangwa itafute Windows kwenye USB kwanza, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa inaibembeleza ile diski iamke. Tukaichomoa, tukawasha upya. Sekunde 9.

Akauliza kama sasa anaweza kuzirudisha programu zake zote. Nikamwambia arudishe ile ya kuhifadhi mafaili, leo hii, kabla hajatoka mlangoni.