Je, wajua kwa nini anayevunja masharti ya kifungo cha nje huhukumiwa kwa kosa la zamani?

Mtu anayetumikia kifungo cha nje, yaani probesheni, ambayo ni kuachiliwa chini ya uangalizi badala ya kufungwa, nchini Kenya akipatikana amevunja masharti aliyopewa, wengi hudhani kwamba ataadhibiwa kwa ukaidi huo, au kwamba atapelekwa gerezani kumalizia miezi iliyobaki. Sivyo mahakama inavyofanya. Hakimu anayeamua kumwondolea mtu huyo kifungo cha nje hurudi kwenye faili la kesi ya awali na kumhukumu kwa kosa lile lile lililomfikisha kizimbani mara ya kwanza, hata kama mwaka mzima umepita na mlalamikaji mwenyewe ameshasahau.

Sababu imo katika namna amri ya probesheni inavyotolewa. Sheria inayoisimamia, ambayo ni Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, ilitungwa mwaka 1943 wakati wa ukoloni, na msingi wake ulikwishawekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1907. Hakimu akiridhika kwamba shtaka limethibitishwa, sheria hiyo inamruhusu atazame umri wa mshtakiwa, mwenendo wake, afya yake, mazingira ya nyumbani kwao na uzito wa kosa lenyewe, kisha aamue kumwachilia chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Anaweza kumtia hatiani kwanza ndipo atoe amri hiyo, na katika mahakama za mahakimu anaweza hata kuitoa bila kumtia hatiani. Kwa vyovyote vile, siku hiyo adhabu ya kosa haitamkwi. Inawekwa kando, na mshtakiwa anakwenda nyumbani akiwa na deni ambalo mahakama haijamtajia kiasi chake.

Hapo ndipo kifungo cha nje kinapotofautiana na kifungo kilichosimamishwa. Katika kifungo kilichosimamishwa, hakimu hutaja miezi kabisa, tuseme 12, kisha husitisha utekelezaji wake, kwa hiyo mhusika anajua tangu mwanzo kinachomngoja akikosea. Mtu wa probesheni hana uhakika huo. Chukua mfano wa kijana aliyeiba simu, akakiri, na akapewa miezi 18 ya probesheni. Wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya hubeba kifungo kisichozidi miaka 3. Kijana huyo akiripoti vizuri kwa miezi 14 kisha akatoweka, uwezo wa hakimu haupungui hadi kufikia miezi 4 iliyosalia, bali unabaki pale pale ulipokuwa siku ya kwanza, yaani hadi miaka 3. Siku alizokaa rumande kabla ya hukumu ni lazima zizingatiwe, kwa kuwa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaagiza hivyo, lakini miezi aliyoishi kwao akiripoti kwa afisa haikuwa kizuizini. Miezi hiyo 14 humsaidia tu kama hoja ya kuombea huruma, na kwa maoni yangu ni hoja nzito ambayo mshtakiwa asiye na wakili mara nyingi hajui kwamba anaruhusiwa kuitoa.

Safari ya kurudishwa mahakamani kwa kawaida huanzia kwa afisa wa probesheni. Yeye ndiye aliyeandika ripoti kabla ya hukumu baada ya kuzungumza na familia, chifu na hata mlalamikaji, na ndiye anayejua nani ameacha kuripoti, nani amehama bila kuaga, nani amerudia ulevi aliokatazwa. Afisa mwenye busara huonya kwanza, akapiga simu, akafika nyumbani. Asipofanikiwa huiarifu mahakama, nayo hutoa samansi ya kumwita mhusika au hati ya kumkamata. Akikamatwa, Katiba ya mwaka 2010 inataka afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimekwisha wakati mahakama haifanyi kazi.

Kinachosikilizwa siku hiyo si kesi ya wizi. Wizi ulikwishathibitishwa. Swali ni moja: je, sharti limevunjwa? Mhusika husomewa anachodaiwa kukiuka, naye ana haki ya kukana, kumhoji afisa na kueleza kilichotokea. Maelezo hayo yana uzito mkubwa. Aliyelazwa hospitalini na aliyejificha wote hawakuripoti, ila hakuna hakimu makini atakayewapima kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana karatasi ya hospitali au barua ya chifu inaweza kuamua mustakabali wa mtu asubuhi hiyo.

Ukiukaji ukithibitishwa, gereza si njia pekee. Hakimu anaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumwonya na kumrudisha kwa afisa wake. Akiona kwamba uangalizi umeshindwa kabisa, ndipo huifuta amri, akamtia hatiani ikiwa hakuwahi kutiwa, na kumpa adhabu ambayo angeweza kumpa mwanzoni.

Hali huwa ngumu zaidi pale ukiukaji wenyewe unapokuwa kosa jipya. Mtu huyo sasa ana mafaili mawili. Akipatikana na hatia katika la pili, anaweza kuhukumiwa kwa lile la kwanza pia, na mahakama ndiyo itakayoamua kama vifungo viende sambamba au kimoja kifuate kingine.

Kwa kuwa matokeo ni mazito kiasi hiki, sheria imeweka kinga mlangoni. Kabla ya kutoa amri ya probesheni, hakimu anatakiwa amweleze mshtakiwa kwa lugha ya kawaida maana ya amri hiyo, na kwamba akishindwa kutii sharti lolote au akitenda kosa jingine atahukumiwa kwa kosa la awali. Mshtakiwa lazima aonyeshe kwamba yuko tayari kutii, la sivyo amri haiwezi kutolewa. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko mengine yote katika mchakato huu, kwa sababu mtu aliyesimama kizimbani akitetemeka kwa kuogopa gereza huitikia ndiyo kwa lolote atakaloulizwa. Maelezo yakisomwa haraka ili kesi inayofuata iitwe, anatoka akijua tu kwamba ameachiliwa. Miezi kadhaa baadaye anapata kibarua Mombasa, anapanda basi bila kumwambia afisa, ilhali angemwarifu mapema, mahakama ya eneo analohamia ingeweza kukabidhiwa usimamizi wake naye asingekuwa na kosa lolote.

Anayehukumiwa baada ya amri yake kufutwa bado ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Muda wake ni siku 14 tangu kutolewa kwa hukumu, na Mahakama Kuu inaweza kuuongeza ikiwa kuna sababu ya msingi ya kuchelewa.