Shajara na barua za Wamarekani wa karne ya 19: yanayodhaniwa na yaliyomo

Wengi tukisikia shajara ya zamani tunamwona bibi wa kizungu mwenye gauni refu, usiku, akimimina siri za moyo kwenye daftari lenye kufuli. Picha hiyo imefanya nyaraka nyingi zenye thamani zipuuzwe, na nyingine zisomwe vibaya.

"Shajara ni mahali pa siri."

Nyingi hazina siri yoyote. Zina hali ya hewa, wageni waliopita, aliyeugua, aliyefariki, pesa zilizotumika. Daftari za mfukoni zilizopigwa chapa tarehe ziliacha mistari michache tu kwa kila siku. Emilie Davis, mwanamke mweusi huru wa Philadelphia aliyejipatia riziki kwa kushona na kazi za nyumbani, alijaza tatu za namna hiyo, kuanzia 1863 hadi 1865, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Anaandika kuhusu kanisa, masomo, marafiki waliomtembelea, barua alizozisubiri. Tarehe 1 Januari 1863, siku tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilipoanza kutumika, anamshukuru Mungu kwa kumjalia kuiona siku hiyo. Kisha maisha yanaendelea. Aprili 1865 anakwenda kuuona mwili wa Lincoln ulipopitishwa mjini kwao, baada ya kusubiri kwa saa kadhaa. Mtu anayetafuta maungamo ataifunga shajara hii mapema. Anayetaka kujua mwanamke mweusi huru alivyoishi siku hadi siku wakati wa vita hatapata mengi yanayofanana nayo.

Na wapo waliojua kabisa kwamba wanasomwa. Nyumbani kwa akina Alcott, Massachusetts, mama alisoma shajara ya bintiye Louisa, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya, na kumwachia ujumbe humo humo ndani.

"Kilichomo kiliandikwa siku ile ile, hakijaguswa."

Hapa mfano mkubwa ni Mary Chesnut wa South Carolina. Mumewe alikuwa seneta, baadaye msaidizi wa Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga, kwa hiyo vita alivitazama kutoka sebule za wakubwa. Alianza kuandika Februari 1861. Lakini kitabu kilichotoka mwaka 1905, miaka 19 baada ya kifo chake, hakikutokana na daftari zile za vita peke yake. Kati ya 1881 na 1884 Chesnut alikuwa amekaa chini akaandika upya: akapanua, akapunguza, akageuza habari fupi kuwa mazungumzo kamili. Wahariri nao wakakata walivyoona inafaa. Ni toleo la mwanahistoria C. Vann Woodward la mwaka 1981 lililompa msomaji wa kawaida nafasi ya kuona wazi uhusiano wa maandishi ya vita na yale ya miaka ya 1880.

Je, alidanganya? Mimi siiti hivyo. Alikuwa mwandishi hodari aliyejua jinsi vita vilivyokwisha na nani alishindwa, na ujuzi huo umepenya kila ukurasa. Kosa ni letu tunapomnukuu kana kwamba wino ulikuwa bado mbichi.

Barua nazo zina mkasa wake. Ile maarufu ya Meja Sullivan Ballou, afisa wa jeshi la Kaskazini, kwa mkewe, ya Julai 1861, siku chache kabla hajajeruhiwa vibaya katika mapigano ya Bull Run, inajulikana kwa nakala tu. Karatasi aliyoishika mwenyewe haijaonekana.

"Watumwa hawakuacha maandishi."

Dhana hii inaniudhi kuliko zote. Ni kweli majimbo kadhaa ya Kusini yalikataza kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Ni kweli pia kwamba waliotunza karatasi walikuwa zaidi matajiri wenye dari kavu na vizazi vilivyobaki kwenye nyumba ile ile. Hata hivyo Adam Plummer, mtumwa wa shamba la Riversdale huko Maryland, alianza daftari lake mwaka 1841, akiandika ndoa yake na Emily, mke aliyekuwa mali ya bwana mwingine. Aliendelea kuliandika hadi uzeeni, akiwa huru. Daftari hilo lilikaa miaka mingi mikononi mwa wazao wake. Leo liko katika jumba la makumbusho la Anacostia, Washington.

Kuna pia njia za maandishi kubaki ambazo hakuna aliyezipanga. Baada ya vita, mjane wa askari, aliyekuwa mtumwa au la, alipodai pensheni alitakiwa kuthibitisha ndoa, na mama alitakiwa kuonyesha kwamba marehemu mwanawe ndiye aliyemtunza. Wengi walitoa ushahidi waliokuwa nao: barua za marehemu. Ofisi hazikuzirudisha. Ndiyo maana barua ya mwana akimweleza mamaye kuhusu dola alizomtumia ipo hadi leo ndani ya jalada la serikali, katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka. Anayetafuta habari za waliokuwa watumwa ajue pia kwamba mara nyingi majina yao yamefichwa ndani ya karatasi za familia iliyowamiliki, zilizoorodheshwa kwa jina la ukoo wa bwana.

"Waliandika marefu kwa kuwa muda ulikuwepo."

Kabla ya 1845 posta ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Karatasi moja ikivuka maili 400 ilikuwa senti 25. Mbili, senti 50. Ili kuokoa pesa, watu wakaijaza moja mpaka pembeni, kisha wakaigeuza upande na kuandika juu ya mistari ile ile, mistari mipya ikipishana na ya kwanza.

"Hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini?"

Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Zanzibar mwaka 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, na papo hapo mfanyabiashara. Shajara na barua zake zimo katika maktaba ya Phillips, ya jumba la makumbusho la Salem. Humo mna Zanzibar ya Seyyid Said: sandarusi, pembe za ndovu, forodha ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodi ukusanyaji wa ushuru, nguo za merikani zikishushwa. Waters alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa aliouona mjini, ilhali pamba ya merikani aliyouza ililimwa na watumwa wa nchi yake. Anamwona Mswahili kwa jicho la mgeni, na hilo lazima msomaji alipime. Hata hivyo, mtafiti wa biashara ya pwani yetu katika miaka hiyo hawezi kuikwepa Salem.