Kabla hujanunua stata mpya ya foklifti

Wiki mbili nzima foklifti ya tani 16 ilikuwa imelala kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam. Nilipofika nilikuta imefungwa betri mbili mpya na stata mpya (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake), na bado injini inazunguka kwa kusuasua, kisha inagoma. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa hasi unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye injini. Kwa nje ulionekana mzima. Ndani ya kichwa chake shaba ilishageuka unga wa kijani.

Inaniuma, kwa sababu kipimo cha kuugundua ubovu huo hakimalizi dakika moja. Mashine nyingi kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Zikijaa na kutulia husoma volti 25 na ushei. Wengi wetu tunapima hapo, tunaridhika, tunafunga mita. Lakini stata ya injini kubwa huvuta mamia ya ampea, na waya mbovu haujisemi mpaka mzigo huo upite. Mwombe opereta apige stata huku wewe unasoma mita. Volti za betri zikiporomoka chini ya 19 hivi, shughulika na betri kwanza. Zikibaki juu na stata bado inazunguka kivivu, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini kisicho na rangi wala kutu. Stata ikipigwa, mita isisome zaidi ya nusu volti. Ile ya Kurasini ilisoma zaidi ya 3. Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi boliti ya stata. Kwa hewa ya chumvi ya bandarini, mimi huanza na hasi.

Mashine ikiwa kimya kabisa, bila hata mlio mmoja, angalia kitufe chekundu cha dharura, swichi kuu ya betri, fyuzi, na kama gia iko huru kweli. Hapo ndipo fundi huchomoa bisibisi na kuunganisha boliti za stata ili izunguke moja kwa moja, bila kupitia swichi. Ndugu zangu, tuache. Swichi ya gia imewekwa ili injini isiwake mashine ikiwa kwenye gia. Ukiiruka umesimama mbele ya tairi, foklifti itakupanda kabla hujatoa mkono.

Stata ikizunguka vizuri na injini haiwaki, tazama ekzosi. Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki. Fungua koki chini ya chujio la kutenga maji, kinga kwenye chupa inayoonyesha. Maji yatakaa chini. Ukibadilisha chujio, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 30, kisha iache ipoe dakika 2. Etha, ile dawa ya kopo ya kusaidia injini iwake, usipulizie kwenye injini yenye hita ya kupasha hewa inayoingia, inaweza kulipuka.

Pale Kurasini tulikata waya mpya, tukabana vichwa, tukasugua chuma kikang'aa. Injini ikawaka kwa mpigo mmoja. Stata ya zamani ilikuwa imetupwa nyuma ya kontena. Niliibana chini na kuiunganisha na betri, ikazunguka bila tatizo.