Mashine ya kupumulia: pumzi kubwa si pumzi salama

Ndugu wakiambiwa mgonjwa wao amewekewa mashine, wapo wanaoanza kulia msiba, na wapo wanaoshusha pumzi wakidhani mapafu sasa yanatibiwa. Wote wamewahi mno.

Dhana: Mashine hutibu mapafu.
Haitibu. Nimonia ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki. Mashine hubeba kazi ya misuli iliyochoka na kupitisha oksijeni, ili mgonjwa afike siku ambayo dawa zitakuwa zimefanya kazi.

Dhana: Inapumua kama sisi.
Ni kinyume. Sisi tukivuta pumzi, kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, kifua hutanuka, na hewa huingia yenyewe. Mashine husukuma. Shinikizo likipanda kifuani, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, ndiyo maana presha ya mgonjwa huweza kuporomoka mara tu anapounganishwa, bila mtu yeyote kukosea.

Mbinu hiyo ya kusukuma ilipata umaarufu Copenhagen mwaka 1952, polio ilipofurika. Daktari Bjørn Ibsen alishauri hewa ipitishwe kwenye tundu lililotobolewa kooni, na wanafunzi wa udaktari wakaminya mifuko ya hewa kwa mikono, kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vilishuka sana.

Dhana: Kadiri pumzi inavyokuwa kubwa, ndivyo bora.
Hapa hata madaktari waliteleza kwa miaka mingi. Mapafu yakivimba na kujaa maji, sehemu inayobaki kupokea hewa huweza kuwa ndogo kama pafu la mtoto. Ukiisukumia pumzi ya mtu mzima, unaichana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 861, ulilinganisha mililita 12 kwa kilo na mililita 6. Waliopewa pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8, waliopewa ndogo, asilimia 31.

Na kilo zenyewe si za mizani. Hukokotolewa kwa urefu na jinsia, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, hata kama ana 110, kwa hiyo pumzi yake ni takriban mililita 400.

Kisha kuna kitufe ambacho wageni hawakioni kikibonyezwa: pumzi husimamishwa kidogo ikiwa imeshaingia, na shinikizo husomwa hewa ikiwa imetulia. Lengo ni lisizidi sentimita 30 za maji, ambacho ni kizio cha shinikizo. Likiwa la chini huku shinikizo la kilele, yaani la juu kabisa hewa inapoingia, liko juu, angalia njia ya hewa kwanza: makohozi, mpira wa hewa uliokunjika au mgonjwa anayeung'ata.

Dhana: Oksijeni asilimia 100 ndiyo salama.
Kwa dharura, sawa. Ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru mapafu. Katika utafiti huohuo, kipimo cha oksijeni ya damu cha kidoleni kilichotakiwa kilikuwa asilimia 88 hadi 95.

Dhana: Ukiwekewa, hutoki.
Wengi hutoka. Hali ikiruhusu, dawa za usingizi hupunguzwa na mgonjwa huachwa apumue kwa nguvu zake, dakika 30 hadi saa 2. Hakawizwi bila sababu, maana kiwambo kisichofanya kazi hulegea upesi. Kutosema kwake kusikutishe: mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Huenda anakusikia. Mtajie jina lako, umwombe akubane mkono.